Filamu nne za kiangazi 2025: uanze na ipi, na ukae na nani

Wamarekani wanaziita filamu za kiangazi kwa kuwa zinatoka Juni hadi Agosti, shule zao zimefungwa na kwao jua linawaka. Hapa Dar miezi hiyo ni kipupwe, na juu ya kipupwe hicho ukumbi wa sinema ninaoenda unawasha kiyoyozi kana kwamba wanahifadhi samaki, kwa hiyo mimi huingia na khanga ya pili kwenye mkoba. Mwaka 2025 niliingia ukumbini mara tatu, ya nne nikaikodi na kuiangalia nyumbani. Mbili zinajitangaza kuwa za mambo mazito, au walau ya moyo: F1 na Materialists. Mbili zimekuja kuchekesha: The Naked Gun na Freakier Friday. Zote zimeshashuka ukumbini, na haipiti wiki bila mtu kuniandikia, "Dada, nina bando la wikiendi tu. Niangalie ipi?"

Huwa namrudishia maswali mawili kabla ya kumjibu. La kwanza: Kiingereza chako ni cha kuelewa au ni cha kuchekea? Maana hivyo ni vitu viwili. Mtu anaweza kusoma mkataba wa kurasa arobaini bila kukwama, halafu utani wa maneno matatu ukampita juu ya kichwa. La pili: nani atakuwa amekaa pembeni yako? Hilo la pili liliniharibia jioni moja na kuniokolea nyingine.

F1 niliiona na shemeji yangu, fundi wa magari mtaa wa Gerezani. Nilimchukua makusudi, nilitaka mtu wa kuniambia kama ninadanganywa.

Kisa chenyewe ni chepesi kukishika. Sonny Hayes, anayeigizwa na Brad Pitt, aliendesha mbio za magari za Formula 1, ndizo hizo F1, miaka ya 1990, akapata ajali iliyommaliza, akazama kwenye kamari, akaendesha teksi, na sasa analala kwenye gari na kushindana mbio zozote zinazolipa. Rafiki yake wa zamani, Ruben, ambaye ni Javier Bardem, ana timu inayoburuza mkia na madeni yamemfika shingoni. Zimebaki mbio tisa, na wasiposhinda hata moja timu inauzwa. Gari la pili analo kijana, Joshua Pearce, anayeigizwa na Damson Idris, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, na kijana haoni kwa nini afundishwe kazi na mzee. Ukishasikia hayo, mwisho umeshaujua. Stelingi hafi.

Ila pesa hukuitoa kwa ajili ya mwisho. Umeitoa kwa ajili ya sauti na barabara. Mwongozaji Joseph Kosinski na watu wake waliingia kwenye mashindano ya kweli, wakaanza Silverstone Julai 2023, wakaweka gereji ya timu yao ya kubuni katikati ya timu zenyewe. Magari ni ya daraja la chini yake, Formula 2, ambayo Mercedes walisaidia kuyabadilisha hadi yakafanana na makubwa, na waigizaji wakakaa kwenye usukani wao wenyewe. Lewis Hamilton, dereva wa kweli wa mbio hizo, ni mmoja wa watayarishaji. Shemeji hakujua lolote kati ya hayo, lakini filamu haijakolea aliniinamia akanong'ona, "Hii siyo kompyuta. Angalia shingo yake." Nikaangalia. Gari likikata kona, shingo ya Pitt inavutwa upande na yeye anapambana kuirudisha, kama konda aliyening'inia mlangoni dereva akipinda bila taarifa. Tangu hapo sikuangalia uso wa mtu tena, niliangalia shingo.

Alikasirika mara moja tu, pale Sonny anapogongagonga makusudi ili magari yote yapunguzwe mwendo na mwenzake apate nafasi. "Huyu angekuwa wa daladala angeshanyang'anywa leseni," alisema, na siyo kwa kunong'ona safari hii. Wa mstari wa mbele wakageuka wakacheka.

Kinachowaudhi mashabiki wa mbio ndicho kinachotusaidia sisi wengine: watangazaji wanaeleza kila kitu kama redio ya mpira. Nani yuko mbele, tairi gani imechakaa, kwa nini huyu ameingia gereji. Hata asiyejua chochote hapotei, na Kiingereza chake ni cha kupiga kelele, kinaeleweka. Hapa Afrika Mashariki mchezo huu nao siyo mgeni kabisa. Wakenya wana Safari Rally yao Naivasha, na Desemba 2024 Rwanda ilitangaza rasmi kwamba inayataka mashindano yenyewe ya F1. Kwa hiyo ukiwa na kijana wa nyumbani anayejua majina ya madereva wote, usishangae.

Lawama yangu ni Kate. Kerry Condon anaigiza mwanamke wa kwanza kusimamia ufundi wa gari la timu, mtu aliyefika pale kwa akili, halafu waandishi wakaona kazi yake kubwa iwe kumpenda Sonny. Nilitaka kumwona akibishana na upepo kuliko akibishana na Brad Pitt.

Materialists ndiyo korofi kati ya zote nne, na ndiyo niliyoikodi. Trela yake inakuahidi vichekesho vya mapenzi: binti mzuri, New York, wanaume wawili. Ukiingia unakuta kikao cha kuhesabu thamani ya watu. Mwongozaji ni Celine Song, mzaliwa wa Korea Kusini aliyekulia Kanada, na yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi hii ya kuunganisha wachumba pale New York kabla hajawa mtu wa filamu. Inaonekana. Hakuna mtu anayebuni maswali kama yale akiwa amekaa nyumbani.

Dakota Johnson anaigiza Lucy, na kazi ya Lucy sisi tunalo jina lake: ni mshenga. Mshenga wa mshahara, dola 80,000 kwa mwaka kabla ya kodi, ameshafanikisha ndoa tisa. Siku hiyo mjomba wangu alikuwa amekuja kutoka Shinyanga, na mjomba amekuwa mshenga mara tatu katika ukoo wetu. Akavuta kiti karibu na kompyuta kama mtu anayekwenda kumkagua mwenzake kazini. Wateja wa Lucy wakaanza kutaja wanachotaka: urefu, kipato, umri, nywele. Mjomba kimya. Baada ya mteja wa nne akasema, "Hajauliza ukoo." Kidogo tena: "Wala hajauliza kama kwao kuna kesi ya shamba." Nikaona anamhurumia.

Wanaume wenyewe ni Harry, tajiri, anayeigizwa na Pedro Pascal, mwenye nyumba ya dola milioni 12, na John, Chris Evans, mwigizaji asiye na kitu anayehudumia chakula kwenye harusi za watu. Kuna tukio moja mapema ambalo kwangu linatosha filamu nzima. Lucy yuko mezani harusini na Harry. Harry anamwuliza anakunywa nini. Kabla Lucy hajamaliza kujibu, mkono wa mhudumu unaweka mezani Coca-Cola na bia, vyote viwili, kwa sababu ndivyo anavyokunywa. Mkono ni wa John. Hajaulizwa, alishajua. Hakuna hotuba ya mapenzi inayofikia mkono ule.

Halafu kuna ugomvi wa zamani kati yao, ndani ya gari, kwenye foleni, siku ya kumbukumbu ya uhusiano wao, wanagombania dola 25 za kuegesha. Sisi tuliokuwa tunacheka tulinyamaza, maana mama alikuwa ameacha kuchambua mchele. "Sisi ilikuwa nauli ya teksi," akasema. Hakuendelea, na hakuna aliyemwuliza.

Mbele zaidi inafunuliwa kwamba Harry alilipa kufanyiwa upasuaji wa kurefushwa miguu, inchi sita, kama sentimita 15 hivi. Niliwatafsiria. Mjomba akakaa nalo kwa muda. "Kwetu tuliongeza ng'ombe," akasema, "hatukuongeza miguu." Ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule, na hakikuwemo kwenye filamu.

Sasa tahadhari. Katikati kuna mteja wa Lucy anayedhuriwa na mwanaume aliyeunganishwa naye, na hapo filamu inabadilika sura. Nasema mapema kwa sababu trela haisemi, na mtu aliyepitia jambo kama hilo asikutane nalo akiwa na bisi mkononi akitegemea kucheka. Binafsi naona Song alifungua mlango huo akaufunga haraka mno. Yule mteja alistahili zaidi ya kuwa somo kwa Lucy.

Jioni iliyoharibika ni ya The Naked Gun, na kosa ni langu. Nilikwenda na wenzangu wanne wa ofisini, na mmoja wao alikuja na mama mkwe wake aliyekuwa amemtembelea. Jamani. Kuna tukio ambalo mtu mbaya anamchungulia mpelelezi na mpenzi wake kwa darubini ya joto, inayoonyesha vivuli tu ukutani, na vivuli vya watu wawili, bata mzinga na mbwa vinaonekana vinafanya mambo ambayo havifanyi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mwenzangu alikuwa anasoma tarehe kwenye tiketi. Mama mkwe alijifunika mtandio usoni, na mpaka leo hatujui kama alikuwa anacheka au anaomba dua.

Ukiliondoa hilo, hii ndiyo filamu iliyonichekesha kuliko zote mwaka ule. Dakika 85 tu. Mwongozaji Akiva Schaffer amerudisha kichekesho cha mwaka 1988, akamweka Liam Neeson awe Frank, mtoto wa yule mpelelezi wa zamani. Neeson tunamfahamu toka vibanda umiza, yule baba aliyetekewa binti akaivuruga Paris nzima. Uso ni uleule, sauti ni ileile ya mtu anayekaribia kuua, ila sasa maneno yanayotoka ni ya kipuuzi kabisa, na yeye hacheki hata mara moja. Pamela Anderson, ambaye ni Beth, anamfuata hatua kwa hatua. Mimi sikutegemea, nakiri.

Tatizo ni lugha, na hapa niwe mkweli kwa wanaouliza. Vichekesho vyake ni vya aina mbili. Vya aina ya kwanza vinaonekana kwa macho: Frank na mwenzake wanapewa vikombe vya kahawa bila kukoma, wakitoka mlangoni kikombe, wakiingia kwenye gari kikombe, mkono unachomoza popote na kikombe. Bibi yangu wa kijijini angecheka. Vya aina ya pili vimefungwa ndani ya Kiingereza. Beth anaingia ofisini kwa Frank, anaambiwa achukue kiti, anajibu kwamba nyumbani anavyo vya kutosha. Kwa Kiingereza, kumwambia mgeni achukue kiti ni kumwomba akae. Jaribu kuitafsiri sasa. Sisi tunasema "karibu kiti", na hakuna mtu aliyewahi kuondoka nacho. Au pale mmoja wao anapotaja chuo kikuu cha UCLA na kujibiwa kama vile ameulizwa iwapo huwa anaiona Los Angeles: herufi zile zikitamkwa zinasikika hivyohivyo. Mwenzangu mmoja, mwanasheria, anayeishi kwa Kiingereza saa nane kwa siku, alikuwa anacheka kama sekunde tatu baada ya wengine. Alikuwa anakokotoa.

Ndiyo maana wale watafsiri wetu wa kanda, na DJ Afro kule Kenya, walipofika kwenye utani wa namna hii hawakuhangaika nao. Waliweka wa kwao. Ningelipa tiketi mara mbili kusikia mmoja wao akimpa Neeson maneno.

Freakier Friday sikuitarajia chochote. Niliwapeleka watoto wa dada yangu, wa miaka 9 na 13, na bibi yao akasema naye anakuja, asiachwe peke yake na televisheni. Bibi Kiingereza chake ni "good morning" na "finish".

Ya kwanza ya mwaka 2003, mama na binti walibadilishana miili. Sasa Lindsay Lohan ndiye mama, Anna, anayetaka kuolewa na baba mmoja kutoka London mwenye binti wake. Mabinti hawa wawili hawaivi chungu kimoja. Usiku mmoja mambo yanachanganyika kwa watu wanne: Anna na binti yake Harper wanabadilishana, na nyanya yake Harper, Tess, ambaye ni Jamie Lee Curtis, anabadilishana na Lily, yule binti wa kambo mtarajiwa. Kwa maandishi inachanganya. Kwa macho haichanganyi hata kidogo, maana Curtis anatembea, anakaa, anabinua mdomo kama msichana aliyenyimwa simu, na bibi yetu alilielewa kabla ya wajukuu. "Huyo mzee kaingiwa na yule mtoto mwenye kiburi," aliwatangazia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na kuna kitu kimoja ambacho nadhani kinatupata sisi kuliko walioitengeneza. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, mjukuu wa kike humwita mke mwenza, wanaweza kuambiana mambo ambayo mama akiyasema ni ugomvi. Kwa hiyo Lily alipojikuta ndani ya mwili wa bibi, akauona uso wake mpya akapiga kelele kwa yale makunyanzi, wale wawili walimgeukia bibi wakamwangalia bila huruma. Bibi akawajibu, "Yanakuja kwenu." Walicheka hadi kwenye bajaji.

Filamu bora? Siyo. Kati inarefuka, kuna nyimbo zisizo na kazi, na yule mchumba wa Anna hana la kufanya zaidi ya kutabasamu vizuri. Lakini ni ya nne kwa ubora na ya kwanza kwa idadi ya watu waliotoka wakiwa na furaha.

Nikiziweka pembeni kwa pembeni, naona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa naziangalia mojamoja: kile kilikuwa kiangazi cha watu wazima. Pitt alikuwa na miaka 61, Curtis 66, Neeson 73. F1 inauchukulia umri kama homa, itapita ukijituma. Neeson hautaji kabisa, anautumia, maana utani ule mdomoni mwa kijana ungekuwa ujinga tu. Curtis peke yake ndiye anayekubali kuuonyesha na kuuchekelea, na hapo ile filamu ya watoto iliipita ile ya mamilioni kwa ujasiri. F1 imeingiza zaidi ya dola milioni 600, inaweza kuvumilia maneno yangu.

Kuhusu bando: saa moja ya picha ya kawaida inakula karibu GB moja. F1 inazidi saa mbili na nusu, The Naked Gun haifiki saa moja na nusu. Na F1 kwenye simu ni hasara mara mbili. Shemeji aliirudia kwenye simu yake gereji, akaniambia imekuwa tangazo la saa na mafuta ya gari, maana bila ule mngurumo unaanza kuyaona majina ya makampuni yaliyobandikwa kila mahali. Hiyo tafuta mwenye televisheni kubwa na spika, nenda kwake na soda. Materialists haidai kioo kikubwa, simu inatosha, ila inadai mtu wa kubishana naye, na ukipata aliyewahi kutumwa ushenga, hata ukimlipia nauli hujapoteza. Usiiangalie na mchumba ambaye hamjazungumza mahari.

Mwenye Kiingereza cha kuchekea, na marafiki, na asiye na mkwe karibu, aanze na The Naked Gun bila kufikiri mara mbili. Mwenye nyumba iliyojaa watu wa rika zote achukue Freakier Friday, na maandishi ya chini asiyahangaikie.

Mimi binafsi ningerudia Materialists, kwa ajili ya ule mkono na zile chupa mbili. Ila televisheni ya nyumbani haiko chini yangu. Wikiendi iliyopita nimekuta bibi ameshawakalisha watoto, rimoti iko mapajani, ananiuliza ile ya mzee aliyeingiwa na mtoto inafunguliwa wapi.